Pini za Bamdogo

Pini zilikuwa 118. Idadi naijua kwa sababu nilizihesabu mwenyewe nikizidondosha kwenye kopo tupu la dawa ya viatu, moja moja, na kila iliyolia kwenye bati nilijiona nimefanya kazi ya maana. Ilinichukua Jumamosi tatu. Ya tatu jioni nilimpigia simu mama mdogo, mjane wa Bamdogo, baba yangu mdogo, kumwambia kwamba karatasi za marehemu sasa zimekaa sawa, hata aje mkaguzi wa hesabu za serikali atakuta kila kitu mahali pake. Akasema, "Mungu akubariki mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Nikalala usingizi mzuri.

Kumbe nilikuwa nimeharibu.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa sanaa. Nimekaa masjala miaka 27, katika halmashauri mbili, nikastaafu na mgongo unaouma na jicho linaloona folio iliyorukwa hata kabla jalada halijafunguliwa. Waliopita masjala wananielewa. Barua ikiingia inagongwa mhuri, inaandikwa kwenye rejista, inatafutiwa jalada kulingana na inachozungumzia, inatobolewa, inapewa namba. Barua ya bomba la maji haikai na barua ya likizo ya uzazi, hata kama zimeandikwa na mtu mmoja, siku moja, kwa kalamu moja. Bosi akiuliza ile habari ya bomba imefikia wapi, unampa jalada moja na yote yamo. Kwa hiyo Bamdogo alipofariki na matanga yakaisha, hakuna aliyeuliza nani ashughulikie tranka lake. Macho yote yalinigeukia mimi.

Bamdogo alikuwa mwalimu wa sekondari. Alifundisha kuchora, somo ambalo wakuu wake wa shule walilihesabu kama mapumziko kati ya Hisabati na Kemia, na jioni na wakati wa likizo alichora vyake mwenyewe: migomba, wanawake wakitoka soko la Mwika na mizigo, na mifongo, ile mifereji yetu Wachagga inayoshusha maji ya mlima hadi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo. Aliuza picha chache, akagawa nyingi. Zimetawanyika kwenye sebule za watu kuanzia Rombo mpaka Tabata. Karatasi alizirundika zote kwenye tranka moja la bati la kijani, lile lile alilokwenda nalo bweni akiwa kijana, jina lake bado linasomeka ubavuni kwa rangi nyeupe.

Tranka hilo lilikuwa lichomwe. Kwetu mtu akifa nguo zinagawiwa, kihamba kinaitiwa kikao, picha zinagombewa na watu ambao enzi za uhai wake hawakuwahi kumnunulia hata brashi, na karatasi zinapelekwa nyuma ya nyumba pamoja na kiberiti. Hati ya shamba na kitabu cha benki ndivyo vinavyopona. Binamu yangu mmoja alishalibeba hadi kwenye shimo la taka. Kilicholiokoa ni kufuli. Alitaka kuchoma vilivyomo tu, bati libaki la kuwekea mahindi, akarudi ndani kutafuta ufunguo, na huko ndani akanikuta mimi.

Nililifungua stoo, likinuka kahawa mbichi. Juu kabisa kulikuwa na madaftari ya maandalio ya somo. Chini yake mitihani ya Kidato cha Pili ambayo migongo yake ilijaa mikono, miguu ya ng'ombe na nyuso za watu wasiojulikana. Kulikuwa na zile barua za samawati zinazojikunja zenyewe kuwa bahasha, programu za misa za mazishi, kalenda za vyama vya ushirika. Kisha michoro ya awali, ya penseli, mingi kuliko nilivyotegemea. Na karibu kila mchoro ulikuwa umebanwa kwa pini na karatasi nyingine mbili tatu zisizohusiana nao kabisa: risiti ya duka la rangi, kipande cha barua, ukurasa uliochanwa kwenye kalenda, mara moja jani kavu la mgomba. Pini zenyewe zilishakula kutu na kuuma karatasi. Kwa macho ya masjala, hiyo ilikuwa vurugu mechi.

Nikafungua majalada sita. BARUA BINAFSI. BARUA ZA KIKAZI. MANUNUZI. MICHORO. SHULE. MENGINEYO. Risiti zote nikazipanga kwa tarehe ndani ya MANUNUZI, michoro yote nikaipanga kwa ukubwa ndani ya MICHORO, na jani la mgomba nikalitupa. MENGINEYO ndilo lililonenepa kuliko yote. Hapo nilipaswa kushtuka, maana hata wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nilikuwa nawaambia: Mengineyo ikinenepa, ujue mpango wako haufai.

*

Nilizipeleka kwenye nyumba moja ya sanaa ambayo nyuma ya ukumbi wake wa maonyesho ina chumba cha nyaraka. Sitaitaja, maana kuna karatasi baina yetu bado hazijasainiwa. Chumba chenyewe hakina fahari: rafu za chuma zilizoachana na ukuta, feni, kipimo cha unyevu, meza ndefu, na kijana mmoja wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, akanawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akafungua jalada la kwanza. Sikuona zile glavu nyeupe za kwenye filamu. Nilipomuuliza akasema glavu anazivaa kwa picha za kamera na negativu; kwa karatasi mkono safi ni salama zaidi, kwa sababu ndani ya glavu kidole hakisikii ukingo unapoanza kuchanika.

Akapekua kidogo. Akafungua la pili. Kisha akauliza kwa upole, kama daktari anayeuliza umekunywa dawa gani kabla ya kuja:

"Mama, marehemu alizipanga hivi mwenyewe?"

"Hapana mwanangu. Zilikuwa hovyo. Nimezipanga mimi."

"Na haya matundu ya pini?"

"Nilizitoa. Zilikuwa na kutu."

Akavuta kiti, akakaa.

Aliyonieleza siku ile nayaandika kwa maneno yangu. Wenye kazi hiyo wana sheria mbili za msingi ambazo masjala hatuzihitaji. Ya kwanza, karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mtu mwingine, hata kama zinazungumzia jambo moja. Hiyo niliifuata bila kujua. Ya pili ndiyo iliyonikata: mpangilio aliouacha mwenye nyaraka hauguswi, maana mpangilio wenyewe ni habari. Karatasi iliyokaa jirani na karatasi nyingine ilikaa pale kwa sababu, na sababu hiyo haikuandikwa popote isipokuwa kwenye ule ujirani. Katika ofisi mimi ndiye niliyekuwa nikiamua barua ikae na nani. Kwenye tranka Bamdogo alishaamua, na mihuri yake ilikuwa ni zile pini.

"Hii risiti ya rangi nyeupe," akasema akiichomoa MANUNUZI, "ilikuwa imebanwa na mchoro upi?"

Sikuwa na jibu.

*

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mambo ya nyaraka za wachoraji kama mtu anayesoma habari za ugonjwa aliopimwa nao. Ninachoshangaa ni jinsi makumbusho makubwa ya sanaa yanavyotegemea vikaratasi ambavyo hakuna mgeni anayelipa kiingilio kuja kuviona.

Chukua habari ya Vincent van Gogh. Alikufa Julai 1890, na mdogo wake Theo, aliyekuwa akimlisha na kumnunulia rangi, akamfuata Januari 1891. Aliyebaki na mzigo wote ni mke wa Theo, Johanna, mjane wa miaka 28 mwenye mtoto mchanga. Shemeji mtu angeweza kabisa kufanya kama binamu yangu. Badala yake alizitunza barua, akakaa nazo miaka akijaribu kujua ipi ilitangulia ipi, maana Vincent nyingi hakuzitia tarehe, na mwaka 1914 akazitoa kitabu. Zilizobaki za Vincent ni zaidi ya 800. Za Theo kwenda kwa Vincent ni chache mno, kwa sababu Vincent hakuwa mtu wa kuweka. Leo barua zile ziko Amsterdam kwenye makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa 1973, na muda mwingi zinakaa gizani, kwani mwanga unakula wino.

Zina faida gani? Kuna ile picha ya chumba chake cha kulala aliyoichora Arles mwaka 1888. Ukiitazama leo kuta zake ni za bluu, nasi tungeapa kwamba alizipaka bluu. Lakini kwenye barua aliyomwandikia Theo Oktoba mwaka ule amesema kuta ni zambarau iliyofifia. Wataalamu waliochunguza rangi wamekuta barua ndiyo inayosema kweli: wekundu uliokuwamo kwenye mchanganyiko umepauka kwa miaka, bluu ikabaki peke yake. Picha yenyewe imesahau ilikuwaje, karatasi ndiyo inayokumbuka. Niliposoma hayo nilienda kuitazama ile risiti ya rangi nyeupe tena.

Kwetu huku tuna mfano wa upande wa pili. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwenye mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Miaka minne tu, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Lakini hakuacha tranka. Hata mwaka aliozaliwa, vitabu havikubaliani. Waliotaka kuandika habari zake walilazimika kwenda kuwauliza ndugu na wanafunzi wake, na kila mmoja ana lake. Ndiyo maana picha zenye sahihi yake ambazo hakuzigusa zinatembea mnadani na kwenye kuta za watu: muuzaji akisema hii ni ya Tingatinga mwenyewe, hakuna daftari la mauzo la kumwumbua.

Jirani yetu wa Machame, Sam Ntiro, alikuwa mtu wa aina nyingine, mtu wa ofisi na barua. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda London, akarudi kufundisha, na Tanganyika ilipojitawala akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mbege, jamani! Na mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Hapo kuna jambo la kututafakarisha. Makumbusho yale yalianzishwa 1929, lakini idara ya nyaraka kama idara walikuja kuwa nayo mwaka 1989. Miaka 60 nzima! Hata wao walichelewa, na bahati yao ni kwamba mkurugenzi wao wa kwanza, Alfred Barr, hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Upande mwingine, Taasisi ya Harmon, ile ya Marekani iliyokuwa ikiwatafuta wachoraji wa Afrika na kuandikiana nao, ilifungwa 1967 na nyaraka zake ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Kwa hiyo kijana wa Moshi akitaka kujua wachoraji wa kizazi kile waliandikiana nini na wakubwa wa sanaa, aanze na viza.

Silaumu aliyetunza. Waliotunza wametunza. Kinachoniuma ni kwamba barua ina ncha mbili, iliyotumwa na iliyopokelewa, na ncha ya huku ndiyo inayoishia kwenye shimo la taka.

Nairobi wana jengo ambalo kila mtu analijua na wengi hawajawahi kuingia. Ukimwambia rafiki mkutane katikati ya mji, atakwambia "tukutane Archives," maana yake mkabala na pale, kwenye msongamano wa matatu na wauza karanga. Jengo lilikuwa la benki. Nilipoingia kwa mara ya kwanza, nikiwa na saa moja ya kupoteza kabla ya basi, nilikuta ukumbi wa chini ni wa sanaa: vinyago, vitambaa, vito, vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya aliyejiuzulu 1966. Juu ndiko kwenye nyaraka za taifa. Murumbi hakukusanya vinyago tu. Serikali ilipokea kwake pia vitabu adimu zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya 1900, pamoja na barua na karatasi zake. Sanaa chini, karatasi juu, ngazi moja katikati. Mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali, japo ukumbi ule ukiniuliza mimi unahitaji mwanga kidogo na maelezo marefu zaidi ya mstari mmoja.

Nairobi hiyo hiyo, Elimo Njau wa Marangu na wenzake walianzisha Paa ya Paa mwaka 1965, nyumba ya wachoraji, waandishi na wacheza ngoma. Mwaka 1997 ikaungua. Moto ulikula picha, vitabu na kumbukumbu za miaka zaidi ya 30. Nikifikiria kiberiti cha binamu yangu na nikifikiria moto ule, najua si kitu kimoja, lakini majivu yake yanafanana.

*

Nirudi kwenye pini, maana kijana yule hakukata tamaa.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. "Mama, lile kopo bado unalo?" Ninalo, nikamwambia, sijatupa kitu tangu Azimio la Arusha. Akasema nilete, na nije na miwani.

Alichokigundua ni hiki. Pini ikikaa kwenye karatasi miaka 30 stoo yenye unyevu haiachi matundu mawili tu. Inaacha mstari wa kutu kati ya matundu, wa kahawia, na mstari huo unajipiga kwenye kila karatasi iliyolala nayo, kama muhuri wenye wino. Hakuna pini mbili zilizopigwa kwa mshazari mmoja. Nyingine Bamdogo aliipitisha ikiwa imelala, nyingine imesimama, nyingine alikosea akatoa na kuingiza tena. Kwa hiyo karatasi zilizokuwa jirani bado zina alama moja, na ukizilaza moja juu ya nyingine kwenye dirisha lenye mwanga, matundu yanakutana na mstari wa kutu unalala juu ya mwenzake.

Tulikaa kwenye meza ile wiki nne, Jumanne na Alhamisi. Yeye anashika mchoro, mimi nashika risiti. Pini za kopo zilitusaidia kidogo. Zilikuwa za urefu wa aina mbili, tukajua mapema kwamba matundu yaliyoachana sana ni ya zile ndefu. Jicho langu la masjala, ambalo lilikuwa limeleta balaa, sasa likawa na kazi. Nilikuwa naiona kutu inayolingana kabla yeye hajavuta taa.

Kati ya 118 tulirudisha 64 bila shaka yoyote. Nyingine 15 tumeziandika kwa penseli na alama ya kuuliza. Zilizobaki nilizitenganisha moja kwa moja, na jani la mgomba, ambalo lilikuwa na matundu yake, sina la kusema.

Moja ya hizo 64 lazima niieleze. Kwenye nyumba ya mapadri kuna picha ya mfongo, kubwa, maji yanapita kati ya migomba na mtoto ameinama anakunywa. Ukoo mzima unajua kwamba Bamdogo aliitoa zawadi. Mchoro wake wa awali, kutu ikashikana na karatasi mbili. Moja ni ya hesabu, mwandiko wa Bamdogo: bati 24, misumari, mbao, na usafiri. Ya pili ni kijibarua cha mistari mitatu kinachosema bati zimeshafika na picha inasubiriwa kabla ya Pasaka.

Nilimsomea mama mdogo kwa simu. Akanyamaza. Miaka yote aliambiwa kwamba paa lilitokana na malimbikizo ya mshahara, na miaka yote aliuliza mbona walimu wenzake hawakulipwa malimbikizo mwaka ule. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nimelala chini ya mfongo," akasema.

*

Kikao cha ukoo kilikuwa kigumu kuliko kutu. Binamu wa kufuli alitaka kujua tutalipwa shilingi ngapi. Mwingine, yule wa kompyuta, akasema tuskani kila kitu, tuweke kwenye flashi, karatasi zichomwe tuache kujaza stoo. Nikamuuliza flashi ya harusi yake iko wapi. Haifunguki. Isitoshe, mtu anayeskani harakaharaka anaskani upande wenye maandishi, na kutu yetu nyingi ilikuwa nyuma. Skani ni nzuri kwa kusoma ukiwa mbali na kwa kupumzisha karatasi zisishikweshikwe, ila hiyo ni picha ya karatasi.

Lililokuwa zito ni furushi la barua 11 kutoka kwa mwanamke ambaye si mama mdogo. Mama mdogo alizijua. Alikuwa amezijua siku zote, kumbe, na alishazisoma kabla yangu. Wanaume wa ukoo wakasema ziondolewe, kwa heshima ya marehemu. Mama mdogo akasema hapana, zisiondolewe, lakini asizisome mtu yeyote yeye akiwa hai, wala watoto wake hawataki kuzisikia miaka ya karibu. Kijana wa nyaraka akasema hilo linawezekana na ni jambo la kawaida: linaandikwa kwenye hati ya makabidhiano, furushi linafungwa, linatajwa kwenye orodha kwamba lipo, na tarehe ya kufunguliwa inawekwa. Tukaweka miaka 20 baada ya kifo cha mama mdogo mwenyewe. Mama mdogo akauliza kama anaweza kuongeza. Anaweza.

Hati hiyo hiyo ilinifundisha kitu ambacho sikukijua pamoja na miaka yangu 27: ukimpa mtu karatasi hujampa haki ya kilichoandikwa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki ya michoro na maandishi ya Bamdogo inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, na iko kwa warithi mpaka waitoe wao kwa maandishi. Tumekabidhi karatasi, haki tumebaki nayo, watafiti wamepewa ruhusa ya kusoma na kunakili kwa masomo. Mtu akitaka kuchapa mfongo kwenye fulana aje kikaoni.

Walio na tranka nyumbani wananiuliza wafanye nini. Kwanza msifanye kama mimi. Piga picha kwa simu jinsi vitu vilivyokaa kabla hujagusa hata kimoja, safu kwa safu. Toa tranka sakafuni na uliondoe kwenye ukuta wa nje, huko ndiko unyevu na mchwa vinakoanzia. Selotepu isiguse karatasi, inageuka gundi ya kahawia. Laminesheni usithubutu, hata kwa vyeti. Joto na ile plastiki havitoki tena. Gazeti lisilale juu ya barua. Negativu zikinuka siki zitenge haraka na nyingine, hizo zimeanza kuoza. Na risiti za mashine za EFD zitoe nakala leo leo, kwani hazina wino, ni karatasi inayobadilika rangi kwa joto, na mwakani itakuwa nyeupe. Risiti za Bamdogo za miaka ya 70, za kalamu na kaboni, zinasomeka kuliko ya petroli niliyoweka juzi.

Mwezi uliopita kijana alinitumia rasimu ya orodha niipitie kabla haijawekwa kwa wasomaji. Kurasa tisa. Imeandikwa vizuri, nikaisoma kwa fahari mpaka ukurasa wa pili, kwenye kichwa kidogo kisemacho Mpangilio. Pale pana sentensi hii: "Mpangilio wa awali uliharibiwa na familia kabla ya makabidhiano, sehemu umerejeshwa kwa kulinganisha alama za kutu."

Nilikaa na sentensi hiyo siku mbili. Siku ya kwanza nilitaka aifute. Kwani mtafiti atanufaika nini kujua? Nikajijibu mwenyewe, kwa sababu nilishaifanya kazi ile: mtafiti asipoambiwa ataamini kwamba Bamdogo ndiye aliyeweka risiti zake kwa tarehe, na atamwandika kuwa mtu wa hesabu, kumbe mtu wa hesabu ni mimi.

Siku ya tatu nikapanda daladala. Nikakaa kwenye meza ile ile, nikaacha kalamu kwenye mkoba, maana mle ndani ni penseli tu. Nikamwambia sentensi ibaki, lakini neno "familia" si la haki; mama mdogo hakugusa kitu, na hata binamu, Mungu amsamehe, hakufikia kuwasha. Aandike kwamba ni mtoto wa kaka yake marehemu, karani wa masjala mstaafu, na jina langu.

Akachukua penseli, akakata neno. Kisha akaniangalia.

"Niandike la ukoo, mama, au la ndoa?"

Nikamwambia la ukoo.